Wiki ya tatu nafuta paneli tu: nihame fildi?

*"Shikamoo mhandisi. Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Chuo kipo Dar es Salaam lakini nyumbani ni Tanga, Mikanjuni. Nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ndogo ya kufunga sola hapa mjini, wako mafundi watano na bosi. Hii ni wiki ya tatu kati ya nane. Kazi yangu ni kufuta paneli, kubeba ngazi, kuandika vifaa vinavyotoka stoo na kuwafuatia mafundi chai. Nikiuliza kitu naambiwa 'utaelewa tu taratibu'. Daftari langu la fildi linajirudia, kila siku 'tulifanya usafi wa paneli'. Mjomba anaweza kunitafutia nafasi kwenye ofisi moja kubwa, ila anasema huko nitakaa tu, mwisho watanigongea muhuri. Rafiki yangu naye anamjua mtu anayetoa barua za fildi kwa laki moja na nusu. Wenzangu walioko Dar wana mamenta kutoka kampuni kubwa, mimi sina hata wa kumuuliza. Nataka kufanya kazi kwenye nishati safi kweli, sitaki muhuri tu. Nihame? Na menta anapatikanaje? Halafu juzi niliambiwa nipande juu ya paa nishike nyaya. Sikupanda, wakacheka. Nilikosea?"*

Marahaba mwanangu. Umefanya kama mgeni aliyekuja kuazima sukari, akiaga mlangoni ndiyo anasema kilichomleta. La paa umeliweka mwisho, mimi naanza nalo kwa sababu haliwezi kusubiri. Hukukosea. Waache wacheke.

Paneli za siku hizi za wati 550, kila moja ikiwa haijabebeshwa mzigo, hutoa karibu volti 50 za umeme wa DC, yaani mkondo unaokwenda upande mmoja tu. Mafundi wakifunga paneli kumi kwa mfululizo, kati ya kichwa na mkia wa safu hiyo kunakuwa na karibu volti 500, zaidi ya mara mbili ya umeme uliopo kwenye soketi ya chumbani kwako. Na umeme wa TANESCO una swichi kuu. Paneli swichi yake ni jua. Saa 6 mchana hakuna fundi anayeweza kuizima, anaweza tu kuukata umeme njiani, na kipande cha waya kati ya paneli na pale alipoukata kinabaki kina umeme vilevile.

Kuna jingine ambalo hata mafundi wa siku nyingi wa waya za nyumba hulipuuza. Umeme wa AC, huo wa TANESCO unaogeuka mwelekeo kila mara, hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ikizaliwa ndani ya swichi hupata nafasi ya kufa. DC haipiti kwenye sifuri. Ukichomoa kiunganishi wakati mkondo unapita, cheche inanyooka kama uzi wa moto, inaendelea kuwaka, inayeyusha plastiki, na ikikuta mkono unakuwa umeungua kabla hujajua umefanya nini. Ndiyo maana tunazima mzigo kwenye inveta (mashine inayogeuza DC kuwa AC) kwanza, kisha swichi ya DC, kisha tunapima kwa mita, na baada ya hapo ndipo mtu anagusa kiunganishi.

Paa lenyewe nalo usiliamini. Mabati ya Tanga yanalambwa na chumvi ya bahari usiku na mchana. Bati la Sahare au Chumbageni linaweza kuonekana zima ukiwa chini, kumbe pembeni ya kila msumari limeshaliwa, na papi iliyo chini yake imelainika kwa maji yaliyokuwa yakipenya miaka. Kwa hiyo utapanda siku ambayo umevaa mkanda wa usalama uliofungwa kwenye kenchi (kwenye bati hapana, hata siku moja), ngazi imeshikwa na mtu, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, yuko juu pamoja nawe. Kikikosekana kimoja, unasema kwa adabu: "Fundi, mkanda ukija napanda. Leo nashika ngazi." Wakikulazimisha, hapo hatuzungumzii tena kuvumilia. Unampigia mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuoni kwako siku hiyohiyo, na unaweza kuhama bila kumwomba mtu radhi. Na ikitokea umepigwa na shoti, hata kama umesimama na unacheka, nenda hospitali upimwe moyo. Usisubiri kesho kutwa ili usionekane mwoga.

Sasa tuje kwenye hofu yako yenyewe. Unaona wiki nane zinakwisha na utarudi Dar mikono mitupu huku wenzako wakisimulia. Naielewa. Nimesimamia wanafunzi wa fildi hapa Tanga kwa miaka, na nakiri kwamba mimi pia nimewahi kumtuma mwanafunzi chai na kumwambia "utaelewa taratibu". Ngoja nikueleze kwa nini tunafanya hivyo, maana ukijua kinachotusukuma utajua pa kutugusa.

Ulipotoka chuoni ulidhani msimamizi wa kazini ni mwalimu mwingine, tofauti ni kwamba huyu ana bisibisi. Sivyo. Kampuni ya mafundi watano inakula kwa kazi iliyokamilika. Mteja wa Pongwe anapiga simu taa zimezima, mteja wa Muheza hajamalizia malipo, gari halina mafuta. Saa moja ya kukueleza wewe inveta inavyofanya kazi ni saa moja ambayo haikuingiza kitu. Na bosi anajua baada ya wiki tano hutakuwepo. Tanga wenyewe tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Mwanafunzi wa fildi ndiye huyo hasa. Akikufundisha sana, matunda yake atayala mwajiri mwingine Dar es Salaam.

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi hawaliwazi. Mafundi wengi walijifunza kazi kwa mikono. Fundi wa hivyo anajua waya hii inapata moto kupita kiasi kwa kuigusa na kuinusa, lakini ukimwuliza "kwa nini" hana maneno ya kukujibu, na hataki kuyatafuta mbele ya binti wa chuo kikuu. Anaposema "utaelewa tu taratibu", mara nyingine anakudharau, lakini mara nyingi anajificha. Swali la "hii inafanyaje kazi" linamtisha. Swali la "mbona hii imesoma hivi na ile imesoma vile" halimtishi, kwa sababu jibu lake liko machoni pake.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Tulikuwa na kijana mmoja wa fildi, mpole, hakuna aliyekuwa na muda naye. Ofisini tulikuwa na akiba ya umeme ya betri nne za maji, kila moja volti 12, zimefungwa kwa mfululizo kupata 48. Akapewa kazi ya kuzifuta vumbi kila asubuhi na kupaka grisi kwenye vichwa. Kazi ya kipuuzi, kama yako. Yeye akawa anaomba mita stoo, na kila akimaliza kufuta anapima betri moja moja na kuandika namba nne nyuma ya daftari lake. Siku ya kwanza: 12.7, 12.7, 12.6, 12.7. Hakuna habari hapo. Akaendelea tu.

Baada ya wiki mbili hivi akaja mezani kwa fundi mkuu na daftari. Namba za asubuhi ile zilikuwa 12.7, 12.8, 12.7, 12.1. Jumlisha: 50.3. Kwenye kioo cha inveta palikuwa pameandikwa 50.3 na sisi sote tulikuwa tunapita pale tunasema betri ziko salama. Mashine ilikuwa inaona jumla. Haikuwa na jicho la kuona ya nne peke yake.

Fundi mkuu akachuchumaa. Akafungua vifuniko vya ile ya nne, maji yalikuwa yameshuka mpaka sahani za risasi zinachungulia. Akamweleza kijana kwamba betri zilizofungwa kwa mfululizo hupitisha mkondo uleule. Ile dhaifu huisha kwanza, halafu zile tatu zenye nguvu zinaendelea kuusukuma mkondo kupitia ndani yake na kuiumiza zaidi. Wakati wa kuchaji, chaja inaangalia jumla, jumla ikifika inasema imetosha, kumbe zenye afya zimeshachemshwa na mgonjwa hajashiba. Kijana akauliza: mbona ya nne? Wakageuka wote wawili. Ya nne ilikuwa karibu na dirisha, na kila alasiri jua lilikuwa linaipiga ubavuni. Walikaa pale kwenye sakafu kama dakika arobaini. Ni fundi ambaye kwa wiki mbili hakuwahi kumwita yule kijana kwa jina.

Baada ya siku ile kijana hakukosa safari ya saiti, na kila alipokuwa na swali fundi alimjibu.

Turudi kwako na kitambaa chako. Mwombe bosi ruhusa ya jambo moja dogo: kwenye saiti yenye safu mbili zinazofanana na inveta inayoonyesha kila safu peke yake, ufute safu moja na nyingine uiache. Kisha uandike namba za zote mbili, saa ileile, kila mnapopita pale. Namba zinasomwa kwenye kioo cha inveta au kwenye simu ya bosi, hugusi waya wowote. Kwa nini ubaki na safu ambayo haijafutwa? Kwa sababu ukipima jana kabla ya kufuta na leo baada ya kufuta, utadanganywa na mawingu na joto.

Joto ulichukulie kwa uzito, ni somo la pwani hili. Ile wati 550 iliyoandikwa mgongoni mwa paneli imepimwa kiwandani paneli ikiwa na nyuzi joto 25, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba. Juu ya bati la Tanga mchana, paneli inafika nyuzi 60 kirahisi. Kwa kila nyuzi moja juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu. Piga hesabu: nyuzi 35 za ziada ni kama asilimia 12. Paneli yako ya 550 imebaki na karibu 480 ikiwa safi kabisa na jua limewaka. Mteja akija juu kwamba ameuziwa paneli feki, binti mwenye hesabu hiyo mfukoni atamtuliza kwa dakika mbili, na bosi atakuwa anasikiliza.

Kinyesi cha ndege nacho kitazame vizuri kabla hujakifuta, na ukipige picha. Ndani ya paneli seli, vile vipande vidogo vinavyozalisha umeme, zimefungwa kwa mfululizo kama zile betri. Seli iliyofunikwa inageuka mzigo kwa wenzake, inapata moto. Paneli nyingi zina dayodi tatu (vifaa vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu) za kukwepesha mkondo, ndiyo maana doa dogo mahali pabaya linaweza kukata theluthi ya paneli nzima, wakati vumbi jepesi lililosambaa kote linapunguza kidogo tu. Hilo ukilikuta mwenyewe saiti hutalisahau kwenye mtihani.

Stoo pia usiidharau. Vifaa unavyoviandika, viulize maswali. Mbona kebo ya milimita 6 inakwenda nyumba hii na ya 4 nyumba ile? Swichi ya kukatia ya DC na ya AC zinatofautianaje kwa maandishi yaliyo ubavuni? Boliti gani zilizorudi na kutu? Ukikuta boliti ya chuma kilichopakwa zinki imefungwa kwenye reli ya aluminiamu umbali mfupi kutoka baharini, angalia kinachotokea pale zinapogusana: hewa ya chumvi inageuza maungio yale kuwa betri ndogo, na chuma kimoja kinamla mwenzake. Wenzako wa Dodoma hawatakutana nalo kwa urahisi. Wewe unalo kila siku na hujaliandika.

Kwa hiyo badala ya "tulifanya usafi wa paneli", daftari lako lisome hivi: saa 5 na nusu asubuhi, nyumba ya Sahare, safu mbili za paneli nane nane, anga haina wingu; safu A imefutwa, safu B wiki ya pili haijafutwa; kioo kinasoma hivi na hivi; boliti tatu upande wa bahari zina kutu, picha zipo; nimemwuliza fundi, amejibu hivi; sijamwelewa hapa. Sentensi ya mwisho usione aibu kuiandika. Mimi nikisoma daftari la mwanafunzi naitafuta hiyo.

Je, uhame? Tupime kwa haki. Mahali pakubwa si pabaya. Kama mjomba angesema anakupeleka kwenye mitambo ya maji ya mto Pangani, ningekwambia funga begi leo. Hale ilianza kuzalisha 1964, ilijengwa kwa megawati 21. New Pangani Falls ilianza 1995, ina megawati 68. Ukisimama pale uulize kimo cha maporomoko, unaweza kukokotoa mwenyewe ni mita ngapi za ujazo za maji zinahitajika kila sekunde. Utaona gavana ya tabaini, yaani kidhibiti mwendo cha mashine inayozungushwa na maji, utaona mifumo ya kinga ambayo chuoni ni michoro tu. Ila hapo utaona mengi na kugusa machache. Kwenye kampuni ndogo utagusa mengi bila kuelezwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa maoni yangu, anahitaji kugusa zaidi, na mwaka wa nne au baada ya kuhitimu aende kutazama.

Lakini mjomba hakukuahidi mitambo. Amekuahidi kiti na muhuri. Kuhama nako kuna gharama yake: barua mpya kutoka chuoni, siku kadhaa za kutambulishwa, msimamizi wa chuo anaweza kuja kukukagua mahali ambapo haupo. Kati ya wiki tano ulizobaki nazo, utakazofanya kazi ni nne au pungufu. Kwa kiti, sioni faida. Mwambie mjomba asante, umwombe ahifadhi nguvu yake kwa ajili ya fildi ijayo, na umtajie idara unayoitaka kwa jina.

Mimi ningekaa siku kumi nyingine nikiwa na mpango. Nenda kwa bosi asubuhi na karatasi moja. Mwambie unataka kumfanyia kitu kimoja kabla hujaondoka, kumpa namba za kuonyesha wateja ni lini hasa kufuta paneli kunalipa, na unaomba vitu viwili tu: ruhusa ya kusoma inveta, na nusu saa na fundi mmoja kila Ijumaa. Siku kumi zikipita na hujapewa hata hiyo nusu saa, mpigie mratibu wa chuo, mweleze kwa tarehe na matukio, hama kwa utaratibu. Hapo utakuwa umejaribu na una ushahidi.

Yule wa laki moja na nusu usimpigie hata simu. Zipo taasisi zenye ada yao rasmi kwa wanafunzi wa fildi; huko utapewa namba ya malipo na risiti. Mtu anayeuza barua barabarani anakuuzia karatasi ya kughushi, na ikigundulika jina kwenye kikao cha nidhamu litakuwa lako. Kuna hasara nyingine hata isipogundulika. Nimekaa kwenye usaili mara nyingi. Tunafungua daftari ukurasa wowote, tunauliza: "Siku hii ulipima nini?" Aliyekuwepo anaanza kueleza mpaka tunamkatisha. Ambaye hakuwepo anatazama dari.

Umeandika "nishati safi kweli", kana kwamba hapo ulipo si kweli. Nami niongeze kwamba nchini kwetu ukisema nishati safi, wengi wanasikia jikoni, na wana sababu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Jua, maji, upepo na biogesi tunaviita nishati jadidifu. Vyote viwili vina kazi, na Tanga kazi hizo ziko mahali ambapo vijana hawaendi kuomba.

Angalia mkonge. Katika jani zima, nyuzi ni karibu asilimia 4 tu, mengine yanabaki kama taka. Kule Hale ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa biogesi na umeme. Ni mashamba mangapi mkoa huu yana lundo kama hilo? Angalia maji. Mamlaka ya maji ya Tanga ndiyo iliyotoa hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, mwaka 2024 na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 53. Popote maji yanaposukumwa kuna pampu, na pampu inakula umeme. Kwenye bomba ambalo sehemu kubwa ya nguvu inapotea kwa msuguano, ukipunguza mzunguko wa pampu kwa asilimia 20, umeme inaokula unashuka hadi karibu nusu, kwa sababu nguvu hufuata mchemraba wa mzunguko: 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.512. Kama kazi kubwa ni kupandisha maji kilimani, faida inapungua, na kujua tofauti ya hali hizo mbili ndiyo kazi ya mhandisi. Hakuna paneli hata moja hapo, na ni nishati safi. Fildi ijayo barua yako moja ielekee huko, na uitume mapema, miezi mitatu au minne kabla.

Kuhusu menta. Wenzako wa Dar usiwaonee wivu kabla hujawauliza menta wao wamezungumza naye mara ngapi. Wengi wana namba ya simu na kundi la kutumiana salamu za Ijumaa. Menta haombwi kama mchumba. Ujumbe wa "Shikamoo, naomba uwe menta wangu" napokea mwingi na sijui niujibu nini. Unanipa mzigo usio na mwisho. Binti mmoja aliniandikia hivi: "Shikamoo mhandisi. Nimepima safu mbili siku sita, tofauti ni kubwa asubuhi kuliko mchana. Nilitegemea kinyume. Ni kivuli au nimekosea kupima? Picha hii hapa." Nilimjibu nikiwa bado kwenye daladala. Akanirudia baada ya siku tatu kunieleza kwamba ulikuwa mnazi wa jirani. Hatukuwahi kutamka neno menta, lakini mwaka huu nimemwandikia barua mbili za kumtambulisha.

Na usitafute mwenye cheo tu. Tanga ulikuwa mji wa viwanda. Wako wazee waliotunza mota na majenereta maisha yao yote, leo wanacheza bao barazani na hakuna anayewauliza kitu. Barabara zote zile za Ngamiani, huwezi kukosa mmoja. Mpeleke boliti yako yenye kutu, ununue kahawa na kashata, ukae. Ukishahitimu utakutana na utaratibu rasmi pia: Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo ya wahandisi wahitimu, ulioanza 2003, wa miaka mitatu chini ya wahandisi wanaokusimamia. Ukiingia humo tayari unajua kuandika kumbukumbu na kuuliza swali lenye namba, miaka mitatu hiyo itakwenda vizuri.

Hili hukuniuliza, nalisema kwa sababu wewe ni binti na nina mabinti. Mtu yeyote, bosi, fundi, msimamizi au huyo menta, akifungamanisha sahihi yake na wewe kuonana naye faragha, hiyo ina jina kisheria: ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea simu bure namba 113, na polisi kuna dawati la jinsia. Tunza ujumbe wote, usifute. Mweleze mama au mtu mzima unayemwamini jioni ileile.

Nenda kwa bosi kesho kabla ya saa 2 asubuhi, mafundi wakiwa hawajapakia gari. Chai endelea kuwafuatia kwa sasa, ila ukiileta usirudi stoo, kaa nao unywe. Maneno mengi ya kazi husemwa pale. Na wiki mbili zikifika, niandikie. Nitumie namba za siku zote, hata za siku ya mvua. Usinitumie wastani.